Kuotesha shubiri mwitu na waridi la jangwani kwa mbegu, kwenye vyungu vya kufinyanga

Kwa hizi mmea za kwetu za kiangazi adui ni maji, sio jua, na ndo maana mi nasisitiza chungu cha udongo kilichochomwa bila kupakwa rangi, kinatoa unyevu pembeni kote wakati ndoo ya plastiki inaufungia ndani mpaka mizizi ioze. Wamama wa Kipare ni mafundi wa hivi vyungu, ukiweza kuagiza mwambie akutobolee tundu chini kabla hajachoma, maana kikishaiva ndo kazi inaanza: ukiloweke usiku kucha, ukilaze juu ya mchanga mbichi, utoboe kwa drili polepole na usiwashe ile ya kugonga, kitapasuka.

Mbegu sasa. Waridi la jangwani, lile la maua ya pinki na shina nene chini, linazaa vitumba viwili vya mbegu vimekaa kama pembe za mbuzi. Kifunge uzi mapema kabla hakijapasuka, kwa sababu kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo mmoja tu zote zimeenda. Shubiri zenyewe subiri kitumba kikauke na kianze kuachia, utakuta mbegu bapa zina vijibawa. Ukiwa na shubiri moja tu usishangae ikikosa mbegu, nyingi hazijichavushi, zinataka mwenzake jirani na ndege chozi wapite. Na tafadhali usiingie hifadhini kuchuma, ni kosa.

Udongo changanya moramu iliyochekechwa sado mbili kwa sado moja ya mboji iliyoiva, weka na mchanga wa mtoni kidogo. Ule udongo mweusi wa shambani achana nao, unashikana sana.

Tandaza mbegu juu, funika na mchanga mwembamba kiasi cha kuzificha tu, halafu kalishe chungu kwenye beseni la maji mpaka juu pabadilike rangi, kitoe. Usimwagie kwa juu, mbegu zitahama zote upande mmoja. Waridi ikiwa mbegu mpya na kuna joto inatoka ndani ya wiki, shubiri wiki mbili mpaka nne hivi. Moshi mjini joto lipo ila Arusha mwezi wa sita na wa saba usijisumbue, subiri Septemba.

Miche ikitoka weka chini ya neti ya kivuli, jua la asubuhi linatosha, maji mpaka udongo ukauke. Masika yakianza sogeza barazani. Majani ya waridi yakipukutika kipindi cha baridi usikimbilie maji, minya shina pale chini: likiwa gumu liache hivyo hivyo, likibonyea limeoza, kata mpaka ufike penye weupe, na unawe mikono maana utomvu wake ni sumu.