Mizani ya mabehewa kwenye reli ya mfano ya mezani: hatua ninazofuata

Kwenye mizani ya barabarani ya Athi River, Kenya, lori hupanda lote, kichwa na mzigo. Kwenye mizani za zamani za reli treni haikupimwa hivyo. Kichwa cha treni ni kizito mno na hakuna anayetaka uzito wake. Kikikanyaga mizani kila siku kinachakaza zile ncha za chuma zinazoibeba ndani ya shimo. Ndiyo maana kwenye mizani hizo ziliwekwa reli nne: mbili za kupimia, zilizokaa juu ya mizani yenyewe, na mbili za kupitia kichwa, zilizokaa imara nje yake. Wajenzi wengi wa reli za mezani hujenga kibanda kando ya reli mbili wakaiita mizani. Tafadhali, usiziache za kupitia.

1. Vipimo. Najenga kwa 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Reli yetu ya zamani ya Kenya ina upana wa milimita 1000, kwa hiyo natumia reli za mezani za milimita 12. Mizani ya mita 15 inakuwa milimita 172.

2. Kutandika. Anza na za kupitia. Za kupimia zisogee kidogo upande mmoja, kila moja ikiachana na jirani yake kwa milimita 3. Hapa usiwe na haraka. Nafasi ikibana, gurudumu litakanyaga reli mbili na behewa litaruka. Mimi huchomeka kipande cha plaiwudi ya milimita 3 katikati, nakisukuma mwanzo hadi mwisho huku gundi ikiwa bado mbichi. Kikikwama, narekebisha papo hapo. Miishoni weka ndimi za kubadilishia njia tu, kwani reli hazikatani popote.

3. Kukata. Reli za kupimia zisigusane na za nje. Zikate ncha zote kwa msumeno mwembamba, upenyo wa nusu milimita unatosha. Usizipe umeme. Mpwa wangu akikosea njia, kichwa kinazimika palepale, naye anajua kosa lake.

4. Kibanda. Kadibodi inatosha, ila dirisha litazame katikati ya mizani, maana mpimaji wa zamani alisukuma jiwe la uzani kwenye mkono wa mizani huku akilitazama behewa.

5. Kupima. Sukuma behewa kwa nyuma, lifungue pande zote, lisimame peke yake. Uzito wake likiwa tupu huandikwa ubavuni. Kadi ya behewa, yenye uzito wake pamoja na mzigo, ikisema tani 52 na ubavuni pana 15, mzigo ni tani 37. Andika, lifunge tena, leta linalofuata.