Jinsi ya kuomba fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, Tanzania) mgonjwa akiwa bado wodini

Boila ikilipuka kwenye kiwanda cha samaki, au mtungi wa gesi gereji, ndugu wote hukimbilia hospitali ya Bugando, Mwanza: nani atoe damu, nani alale na mgonjwa. Ni haki yake. Lakini mtu mmoja katika familia akabidhiwe kazi ya karatasi za madai siku hiyohiyo, maana madai mengi huharibika mgonjwa akiwa bado na bandeji.

Anzeni na mwajiri. Mwandikieni barua fupi: jina la mfanyakazi, tarehe na saa, alikuwa akifanya kazi gani, nani walishuhudia, amelazwa wapi. Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Kumpigia msimamizi simu hakutoshi, simu haina muhuri. Mwajiri akishajua, ana siku 7 za kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Akisuasua msimngoje, nendeni wenyewe WCF na nakala yenu. Madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12, na aliyeungua vibaya anaweza kuimaliza yote akisafishwa vidonda na kurudishwa chumba cha upasuaji.

Wodini, mwambieni daktari mapema kwamba hii ni ajali ya kazini, aiandike kwenye faili. Faili lenye maneno "ameungua moto" tu litawaletea maswali baadaye. Na mlipuko hauishii kwenye ngozi: hupasua ngoma ya sikio, huumiza macho na mapafu. Akiitwa haitiki vizuri, ombeni apimwe masikio, kwa sababu kiwango cha ulemavu hukadiriwa kwa yale yaliyoandikwa na madaktari.

Tunzeni risiti zote, hati ya mshahara, mkataba na kitambulisho cha NIDA. Kibarua asikate tamaa: sheria inatambua hata mkataba wa mdomo. Chukueni majina ya wenzake wa zamu na meseji za malipo kwenye simu yake.

Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Mchango wa mfuko ni wa mwajiri peke yake, kwa hiyo asikatwe mtu mshahara kwa ajili hiyo.

Akija mtu na bahasha na karatasi ya "tumeelewana", tafadhali sana, mgonjwa aliye kwenye dawa kali za maumivu asiwekeshwe dole gumba. Karatasi hiyo isomwe kwanza na chama cha wafanyakazi au wakili.