Jinsi ya kutengeneza "siku kama ya leo" ya bathdei ya mtu wako

Msee wako akizaliwa 12 Desemba usimtumie tu keki ya emoji, mtafutie historia ya hiyo siku. Anza na ya nyumbani: usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 bendera ya Kenya ilipandishwa pale Uhuru Gardens, Lang'ata, halafu tarehe hiyo hiyo 1964 tukawa jamhuri. Hapa ndo watu huchanganya, hata mimi mwaka jana niliandika jamhuri 1963 kwa status, weh, mjomba wangu akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kunirekebisha!

Kisha ongeza ya mbali, kama mvumbuzi Mwitaliano Marconi kunasa mawimbi ya redio kuvuka Atlantiki 1901, na seleb mmoja, kama mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra, alizaliwa 1915. Mmoja anatosha, wakizidi hakuna anayesoma.

Mwaka ucheki kwa sehemu mbili tofauti, sio zile zimekopiana. Ukiwa tao Nairobi ingia Maktaba ya McMillan, Banda Street, uulize magazeti ya zamani. Piga picha hedilaini ya mwaka aliozaliwa, hiyo ndo itamtoa machozi.