Nyuso Zimekuwa za Makaa: Kusawazisha Rangi Kuanzia Skrini Hadi Karatasi

Mama wa bibi harusi aliifungua albamu mezani kwangu hapa Moshi, akapitisha kidole juu ya uso wa binti yake, akaniambia taratibu, "Mwanangu, huyu umemfanya wa makaa." Kweli. Nyuso zote zilikuwa zimezama gizani, na kitenge cha mashangazi, ambacho siku ya harusi kilikuwa rangi ya chungwa inayowaka, kilikuwa kama bati lenye kutu. Nikajitetea kwamba studio ya kusafisha picha ndiyo iliyoharibu, kisha nikaenda huko na hasira zangu. Fundi wao, mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili langu kwenye skrini yake, akaniuliza swali moja tu: "Hiyo laptopu yako umeiweka mwanga kiasi gani?"

Ilikuwa mia kwa mia, na meza yangu ilikuwa imeelekea dirishani.

Skrini ikiwaka kupita kiasi, kila picha inaonekana imepauka. Unaipunguza. Inapendeza. Unaituma ikasafishwe, na karatasi, ambayo haina taa ndani yake, inatoa giza ulilolitia mwenyewe. Malalamiko mengi ya "wameniharibia picha" ninayoyasikia kwa wenzangu yanaanzia hapo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na chumba na skrini, kamera inakuja baadaye.

Utahitaji kipima rangi cha skrini, kile kidude kinachoning'inizwa mbele ya kioo na kuchomekwa kwenye USB. Vinavyopatikana zaidi ni vya Calibrite, ambavyo zamani viliuzwa kwa jina la X-Rite, na Spyder vya Datacolor. Si rahisi kwa bei. Sisi tulichanga watu wanne tukanunua kimoja, maana kila mtu anakihitaji mara moja tu kwa mwezi. Kinazunguka kama sufuria kubwa ya mtaa.

Hatua ya 1: Rekebisha chumba

Jicho halipimi rangi, linalinganisha. Ukikaa kwenye chumba chenye ukuta wa kijani, jicho linazoea kijani, na picha iliyo sawa itakuonekania ina wekundu. Utaitoa wekundu ambao haupo. Ukuta wa nyuma ya skrini uwe wa kijivu au mweupe usiong'aa. Huna ruhusa ya mwenye nyumba? Tundika shuka la kijivu. Fulana nyekundu nayo huakisi kwenye kioo. Mimi nina fulana nyeusi ya kazi, imechakaa lakini haidanganyi.

Pazia lifungwe. Jua letu halitulii: asubuhi mlima uko wazi na mwanga ni mkali, saa nne mawingu yameshuka, saa nane jua limerudi. Skrini ileile itakuwa na sura tatu kwa siku moja. Kwa taa ya mezani, soma boksi kabla ya kununua: tafuta kati ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000 na 6500, na alama ya CRI, inayosema taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani, isiwe chini ya 90. Taa isiyoandikwa CRI kabisa ifunge koridoni.

Hatua ya 2: Iandae skrini

Iwashe nusu saa kabla ya kupima, ipate joto na itulie. Kisha zima kila kitu kinachojifanya kukusaidia: mwanga unaojirekebisha wenyewe, rangi ya njano ya usiku, True Tone kama unatumia Mac, na ile hali ya "Vivid" kwenye menyu ya skrini ya mezani. Laptopu iwe kwenye chaja. Umeme ukikatika katikati ya kupima, laptopu nyingi hujipunguza mwanga ili kutunza betri, na vipimo vyako vyote vinakuwa vya uongo. Anza upya, usiendelee ulipoishia.

Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Ukiwa unanunua skrini iliyotumika, ulizia kama ni ya IPS, aina ya kioo ambacho rangi zake hazigeuki kirahisi ukiitazama kwa pembe. Njia rahisi ya kujua: fungua picha ya uso, kisha inua na kushusha kichwa chako. Rangi ikigeuka kwa kusogea tu, hiyo iache dukani, hakuna kipima kitakachoiokoa.

Hatua ya 3: Pima

Tumia programu iliyokuja na kifaa, au DisplayCAL, ambayo ni ya bure na inaendeshwa na ArgyllCMS. Itakuuliza malengo matatu. Weupe: kelvini 6500, yaani D65. Gama, yaani namna mwangaza unavyopanda kutoka cheusi hadi cheupe: 2.2. Mwangaza: kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba, anza na 100.

Programu itakuambia upunguze mwanga kwa vitufe vya skrini hadi namba ifike pale. Hapo ndipo watu wengi wanaogopa. Utaona kama umeme umepungua mtaa mzima, na mkono utawasha kuongeza. Vumilia siku mbili, jicho litazoea.

Inamisha skrini nyuma kidogo ili kipima kilale vizuri bila mwanya wa kupitisha mwanga, kisha kiachie. Kitaonyeshwa mfululizo wa vibao vya rangi na kuvisoma kimoja kimoja. Kazi zinazofanyika hapo ni mbili, na tunazichanganya sana kwa sababu zote tunaziita kukalibreti. Ya kwanza ni kuisawazisha skrini ifikie malengo uliyoweka. Ya pili ni kuandika maelezo ya namna skrini hiyo inavyoonyesha rangi baada ya kusawazishwa. Maelezo hayo ndiyo profaili ya ICC, faili dogo linalofuata kanuni za chama kilichoundwa mwaka 1993 ili vifaa vya makampuni tofauti viweze kuelewana rangi. Photoshop na Lightroom huisoma profaili hiyo. Programu nyingine haziisomi, ndiyo maana picha moja inaweza kuwa na sura mbili kwenye kompyuta moja.

Mwishoni utapewa namba ya kosa iitwayo delta E. Wastani ukiwa chini ya 2, endelea na kazi. Ukikaribia 1, tofauti hata wewe huwezi kuiona kirahisi, kwa hiyo usipoteze usiku kutafuta sifuri.

Kama bado hujapata kipima, Windows na Mac zina zana za kusawazisha kwa macho. Zinasaidia kwenye mwangaza na gama. Kwenye weupe ni kubahatisha, kwa sababu jicho lako limeshazoea kosa la skrini yako.

Hatua ya 4: Kamera

Hapa nitapita haraka. Piga kwa faili ghafi, lile la RAW. Chaguo la sRGB au Adobe RGB (nafasi za rangi, nitazieleza hatua ya 5) kwenye menyu ya kamera linahusu JPEG tu, RAW haliguswi nalo. Piga fremu moja ya kadi ya kijivu kila mwanga unapobadilika, uitumie baadaye kusawazisha weupe. Ukiwa na kadi ya ColorChecker yenye vibao 24, unaweza kuitengenezea kamera yako profaili yake, mradi kadi imeangaziwa sawasawa na kibao cheupe hakijaungua.

Turubai ndilo adui. Sherehe zetu nyingi ziko chini ya turubai, na likiwa la bluu au la njano, mwanga unaopenya juu unapaka watu wote rangi hiyo, huku pembeni ukiingia mwanga wa kawaida wa mchana. Mgeni aliyekaa ukingoni ana shavu moja la bluu na jingine la kahawia. Hakuna kadi ya kijivu inayotibu mashavu mawili kwa mpigo. Msogeze hatua mbili ndani au hatua mbili nje, basi. MC akikuharakisha, mwache apige kelele.

Mambo matatu ya huku kwetu. Shuka jekundu la Kimaasai hujaza chaneli nyekundu kabla ya nyingine: angalia histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya rangi tatu, si ile nyeupe pekee, na punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu. Kibo alfajiri huwa na rangi ya waridi, na kamera ikiachiwa kuchagua WB (mizani ya weupe) yenyewe huweza kuifuta ikidhani ni kosa. Weka alama ya jua, usiguse tena. Na mijakaranda ya Arusha inapochanua mwishoni mwa mwaka, maua ya zambarau hutoka ya bluu, kwa sababu kamera haigawi mawimbi ya mwanga sawasawa na jicho. Profaili inapunguza tatizo, haiondoi. Sogeza zambarau kwa mkono na usione aibu.

Hatua ya 5: Jua ni shilingi ya wapi

Ukivuka Holili kwenda Taveta ukamwambia muuzaji una shilingi elfu moja, atakuuliza za wapi. Neno ni moja, namba ni moja, thamani mbalimbali. Namba za rangi ziko hivyohivyo. Nyekundu 200, kijani 30, bluu 40 si rangi kamili mpaka useme ni za nafasi gani ya rangi. Kwenye sRGB, iliyotolewa na HP na Microsoft mwaka 1996, ni nyekundu fulani. Kwenye Adobe RGB ya mwaka 1998, ambayo ni pana zaidi hasa upande wa kijani, namba hizohizo ni nyekundu kali zaidi.

Photoshop ina amri mbili zinazokaa jirani. Convert to Profile ni kwenda kwa mbadilisha fedha: namba zinabadilika, thamani inabaki. Assign Profile ni kufuta neno Tanzania kwenye noti na kuandika Kenya kwa kalamu. Namba zimebaki, thamani imeruka. Unapoandaa picha ya kutuma, unataka ile ya kwanza. Ya pili ni kwa faili lililofika bila profaili yoyote na wewe unajua lilitoka wapi.

Hariri kwenye nafasi pana kwa biti 16. Lakini kinachotoka nje ya kompyuta yako, iwe kwa mteja, WhatsApp au studio isiyokuambia vinginevyo, kigeuze kiwe sRGB na profaili ibaki ndani ya faili. Adobe RGB ikifunguliwa na programu isiyosoma profaili, watu wanapauka kama wametoka kuugua malaria. WhatsApp hubana picha, hivyo mteja anayezilipia umtumie kama dokumenti. Simu yake ikiwa kwenye rangi za kukolea, hilo huliwezi.

Hatua ya 6: Studio ya kusafisha

Omba profaili ya mashine na karatasi yao. Ukiipata, bonyeza S ukiwa kwenye sehemu ya Develop ya Lightroom, uichague, na utaona karatasi kabla ya karatasi. Utaulizwa pia njia ya kubana rangi ambazo karatasi haiziwezi. Kwa picha yenye mashuka mengi mekundu mimi huchagua Perceptual, inayobana rangi zote kwa pamoja ili zile kali zisigandamane. Kwa nyuso huchagua Relative, inayoacha rangi zilizomo kama zilivyo.

Wasipokuwa na profaili, tengeneza picha ya majaribio: uso wa mtu mweusi na wa maji ya kunde, gauni jeupe, suti nyeusi, shuka, na ngazi ya vijivu kutoka cheusi hadi cheupe. Safisha kwa saizi ya postikadi. Mashine nyingi hung'arisha picha zenyewe, kwa hiyo lazima uongee. Nilirudi kwa yule fundi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja tena kugomba?"

"Hapana. Naomba hii uisafishe bila marekebisho yoyote."

"Bila kung'arisha?"

"Bila kugusa kitu."

"Ikitoka mbaya usinilaumu."

"Safari hii simlaumu mtu."

Itazame nje, kivulini, asubuhi iliyokwisha kukomaa. Usiitazame chini ya taa ya dukani, maana rangi mbili zinazofanana kwenye jua zinaweza kuachana chini ya taa. Ikiwa ni printa ya wino, subiri ikauke siku nzima. Kisha isome hivi. Rangi zikiwa sawa lakini kote kuna giza, skrini yako bado inawaka mno: shusha hadi 90 au 80 na upime upya. Vijivu vikiwa na ukijani au uwaridi wakati kwako ni safi, tatizo liko kwenye mashine au karatasi, na sasa una ushahidi wa kumwonyesha fundi kwa heshima. Nyekundu pekee ikiwa imekufa na mengine yote mazima, rangi hiyo imezidi uwezo wa karatasi: ipunguze ukolevu, au jaribu karatasi ya kung'aa, ambayo hubeba rangi nzito kuliko ya mati, isiyong'aa.

Yangu ilitoka na giza kidogo. Nikashuka hadi kandela 90, nikahariri albamu nzima upya, nikalipia mwenyewe. Yule mama alizipita nyuso zote bila neno, akasimama kwenye kitenge. "Hiki ndicho tulichonunua," akasema.

Picha ya majaribio ninayo kwenye bahasha, mbali na jua, nyuma nimeandika tarehe na namba 90. Kwenye fremu ya skrini nimebandika kipande cha selotepu chenye tarehe ya kupima. Zikipita siku 30 narudia hatua ya 3 peke yake, dakika kama kumi na tano, kisha namtumia ujumbe mwenzangu wa Sakina, Arusha, aje achukue kipima, zamu yake imefika.