Jinsi ya kutunza mfumo endeshi huria unaoendesha programu za zamani

Nina karakana ndogo ya kompyuta hapa Free Area, Nakuru. Haya ninayoyaeleza niliyajua kwa sababu ya mzee mmoja mwenye ghala la mahindi upande wa Njoro. Lori likiingia hupanda mizani, mizani hutuma uzito kwa waya wa siriali hadi kwenye kompyuta, na programu ya DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta, huchapa risiti kwa printa ya riboni. Aliyeiandika programu hiyo hapatikani tena, na msimbo wake hakumwachia mtu. Siku kompyuta ilipokufa, wauzaji walimwambia mzee anunue kila kitu upya, mizani na programu yake. Akanijia na diski ngumu imefungwa kwa gazeti.

“Binti yangu,” akaniambia, “mizani ni nzima. Mimi nataka iongee tena.”

Mfumo niliomwekea ni FreeDOS, mfumo huria unaoendesha programu za DOS. Jim Hall, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia huko Wisconsin, Marekani, aliutangaza tarehe 29 Juni 1994 Microsoft ilipoonyesha kuwa MS-DOS, DOS yake ya kuuza, haina safari ndefu tena. Pat Villani alitoa kiini (kernel), yaani moyo wa mfumo, alichokuwa ameshakiandika, Tim Norman akaandika sehemu inayopokea amri, na wengine wakajiunga. Toleo 1.0 lilitoka 2006, na toleo 1.4 mwezi wa Aprili 2025. Leseni ya kiini ni GPL, kwa hiyo mimi na wewe tunaruhusiwa kukisoma, kukibadilisha na kukigawa, mradi tukigawa na msimbo wake.

Kutunza mfumo wa namna hii si sawa na kutunza mfumo mpya. Kwenye mfumo mpya unaweza kumwambia mwandishi wa programu arekebishe upande wake. Hapa mwandishi hayupo. Programu ya zamani ndiyo hakimu, hata pale ambapo imekosea yenyewe. Ukiliweka hilo moyoni tangu mwanzo, hatua zote nitakazozitaja utaziona zina sababu.

Anza na nakala. Usiiwashe kompyuta ya mteja kwa diski ile ile ya miaka ishirini na kitu. Itoe, iunganishe na mashine ya Linux, uinakili yote:

ddrescue /dev/sdb mizani.img mizani.map

Hakikisha kwanza kuwa sdb ndiyo diski yenyewe. Amri hii huchukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, kisha hurudi kuhangaika na zilizoharibika, na ile faili ya pili hukumbuka ilipofikia stima ikipotea katikati. Kwetu hilo si jambo dogo. Nakala ya kwanza iweke kando, usiiguse kamwe. Fanyia kazi nakala ya nakala.

Kisha jenga uwanja wa majaribio kwa QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima:

qemu-system-i386 -m 16 -drive file=jaribio.img,format=raw -serial pty

Hiyo -serial pty inakupa waya wa siriali wa bandia, nawe unaweza kujifanya mizani kwa kutuma mistari ya uzito kutoka dirisha lingine. Mizani ya mzee ilikuwa ikituma kwa kasi ya biti 2400 kwa sekunde, biti 7 kwa kila herufi, na pariti (biti ya ukaguzi) shufwa. Kwenye DOS ni mode com1:2400,e,7,1. Ukikosea pariti tu, utaona herufi za ajabu na utadhani mfumo umeharibika.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo ndilo kazi yenyewe: kikapu cha programu. Kusanya programu za zamani ambazo utaziendesha kila mara unapobadilisha chochote, hata herufi moja. Changu kina programu ya mizani, programu ya hesabu ya duka iliyoandikwa kwa Clipper, mchezo mmoja unaoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, kihariri cha maandishi, na programu mbili zilizofinywa ili zichukue nafasi ndogo. Kwa kila moja niliandika kwenye daftari inavyofanya juu ya DOS ya awali iliyokuwa kwenye mashine yake: inafunguka na nini, inachapa nini, inafunga vipi. Bila daftari hilo utabishana na kumbukumbu yako mwenyewe, na kumbukumbu itakudanganya.

Kikapu kilinifundisha mambo matatu.

La kwanza ni toleo. Programu ya mizani ilikataa kufunguka, ikalalamika kuwa DOS si sahihi. Programu huuliza namba ya toleo kwa wito wa mfumo, INT 21h, kazi 30h. Kiini cha FreeDOS chenye FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili kwenye diski, hujibu 7.10, na mwandishi wa programu hakuwahi kufikiria kuna kitu kama hicho. Kuna anayekimbilia kubadilisha kiini. Usifanye hivyo, kwa sababu kuna programu nyingine zinazoitaka hiyo 7.10. Andika VERSION=6.22 kwenye FDCONFIG.SYS, faili ya mipangilio, ya mashine hiyo moja, basi. Penye mpangilio wa kutatua jambo, msimbo uuache ulivyo.

La pili liliniweka macho hadi usiku wa manane. Niliongeza DOS=HIGH, mstari unaoihamishia DOS yenyewe kwenye kumbukumbu ya juu, ili kumbukumbu ya chini ibaki wazi, nikafurahi kuona kilobaiti zilivyoongezeka. Programu ya mizani ikaenda vizuri. Ile ya ripoti za mwezi, mojawapo ya zile mbili zilizofinywa, ikasema “Packed file is corrupt” na kufa. Nikanakili faili upya, nikalinganisha baiti kwa baiti, haina kasoro. Tatizo lilikuwa nafasi ile ile niliyoifurahia. Programu iliyofinywa kwa EXEPACK ina kipande kidogo kinachoifumua inapoanza. Kipande hicho hupiga hesabu ya anwani kikitegemea kwamba ukivuka megabaiti moja unarudi sifuri, kama ilivyokuwa kwenye prosesa ya zamani ya 8086. DOS ikiwa juu, programu hupakiwa ndani ya kilobaiti 64 za mwanzo, hesabu ile huvuka mpaka, na kwa kuwa laini ya A20, ile inayoruhusu kufika juu ya megabaiti moja, imefunguliwa hairudi sifuri tena. Dawa ni kuandika LOADFIX mbele ya jina la programu, nayo hupakiwa juu ya hizo kilobaiti 64. Angalia basi: kuuboresha mfumo ndiko kulikoivunja programu. Tangu siku hiyo sikubali badiliko lolote kwa sababu tu linaongeza kasi au nafasi.

La tatu, ujue ni wakati gani mfumo hauna hatia. Fundi mwenzangu wa Kisumu alinitumia programu ya karo iliyoandikwa kwa Turbo Pascal. Kwenye mashine yake ilikufa mara moja na “Runtime error 200”. Akataka tukirekebishe kiini. Lakini kosa hilo liko ndani ya programu: inapoanza hupima kasi ya prosesa kwa kuhesabu mizunguko, kisha hugawanya. Prosesa ikiwa na kasi kubwa kuliko walivyotarajia, jibu halienei kwenye biti 16, na prosesa huliripoti kama kosa la kugawanya. MS-DOS ya kununua ingekufa vile vile. Swali la kujiuliza kila mara ni hilo: DOS ya awali ingefanya nini hapa? Ikiwa jibu ni lile lile, rekebisha faili ya programu, uache mfumo.

Ukifika mahali ambapo kweli kiini kinakosea, itabidi ukijenge mwenyewe. Unahitaji NASM ya kugeuza msimbo wa asembli na kompaila ya Open Watcom ya kugeuza ule wa lugha ya C, zote ni za bure. Chukua msimbo wa kiini kwa Git, programu inayotunza historia ya msimbo, nakili CONFIG.B uiite CONFIG.BAT, uifungue na uonyeshe mahali kompaila ilipo. Humo utaona XCPU na XFAT, yaani aina ya prosesa na ya FAT. Kwa mashine zisizojulikana weka XCPU=86 na XFAT=32, kisha endesha BUILD. Utapata faili kama KWC8632.SYS. Jina linasomeka lenyewe: kiini, Watcom, prosesa ya 8086, FAT32. Iweke kwenye diski ya majaribio kwa jina KERNEL.SYS. Jenga kwanza bila kubadilisha kitu na uendeshe kikapu chote. Mtu akiruka hatua hii, baadaye hajui kama kosa ni la badiliko lake au la kompaila yake.

Badilisha jambo moja tu kwa kila hifadhi (commit) ya Git, na katika maelezo yake utaje ni programu gani ilikuhitaji ulibadilishe. Siku kitu kitakapoharibika, git bisect itakutafutia badiliko lenye kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu, lakini ikiwa umerundika mambo kumi kwenye hifadhi moja haitakusaidia.

Kuhusu msimbo wa kampuni yenye mali yake nina msimamo mkali. Microsoft imefungua rasmi, kwa leseni huria ya MIT, msimbo wa MS-DOS 1.25 na 2.0, na mwaka 2024 ikaongeza 4.00. Huo soma. Msimbo wowote wa matoleo mengine unaozunguka kwa njia za pembeni umevuja, na ukiusoma kisha ukachangia kwenye mradi huria, unawaweka wenzako wote hatarini. Jifunze tabia ya mfumo kwa kuupima kutoka nje, kama nilivyoeleza kwenye daftari. Ni polepole, lakini hakuna atakayeweza kukudai.

Kiswahili nacho kina nafasi yake hapa, na ni mlango mzuri kwa asiyejua C. Programu nyingi za FreeDOS husoma ujumbe wake kutoka faili za maandishi zilizo kwenye folda inayotajwa na NLSPATH. Weka SET LANG=SW, nakili faili inayoishia na EN, uiite SW, kisha tafsiri kila mstari bila kugusa namba iliyo mbele yake, kwa mfano 1.1:Faili haikupatikana. Tuna bahati: lugha yetu haina herufi zenye alama juu, na hata ng’ inatosheka na kiapostrofi cha kawaida. Hatuhitaji fonti wala ukurasa maalumu wa herufi, kazi ambayo wenzetu wa lugha nyingine wamehangaika nayo kweli. Angalia tu upana, maana skrini ina herufi 80 na maneno yetu ni marefu.

QEMU haitoshi kabla ya kupeleka kazi kwa mteja. Jaribu kwenye chuma chenyewe. FreeDOS inategemea BIOS, programu ya zamani ya kuwashia kompyuta, kwa hiyo mashine mpya yenye UEFI tupu, iliyochukua nafasi yake, haitaiwasha. Tafuta ya mtumba yenye poti halisi ya siriali nyuma, kwa sababu programu ya zamani huenda moja kwa moja kwenye anwani ya poti hiyo, 3F8h, na kebo ya USB haionekani hapo. Na kwa kuwa stima hukatika, usiweke kache inayochelewesha kuandika kwenye diski. FAT haina jarida la kurejeza kazi iliyokatwa katikati.

Ukigundua kosa, liripoti kwa waliouandika mfumo hata kama umeshalizunguka. Waandikie matokeo ya VER /R, FDCONFIG.SYS yote, ulichotarajia na kilichotokea, na kama DOS ya awali hufanya vingine. Wengi wao hufanya kazi hii kwa kujitolea, na ripoti iliyo kamili huwaokolea jioni nzima.

Kwa mzee niliacha kompyuta moja inayofanya kazi, nyingine ya akiba iliyowekwa vile vile, na flashi mbili zenye nakala, moja ofisini kwake na moja kwangu. Lori la kwanza lilipopanda mizani, namba ilitokea kwenye skrini na printa ikaanza kulia. Mzee akaishika risiti, akaisoma mara mbili, akamwita karani aje aone. Mimi nilikuwa nikiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kasha la kompyuta: toleo la kiini, tarehe, na jina la faili ya nakala. Wewe pia andika hivyo, kwa sababu atakayelifungua kasha hilo baada ya miaka kumi huenda asiwe wewe.