Kutumwa si kushirikishwa: namna ya kupima wazazi wanavyowahusisha watoto katika kazi za mazingira

Muulize mzazi yeyote wa Mufindi au Rungwe, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, "Je, unamshirikisha mwanao katika shughuli za mazingira?" Atakujibu ndiyo, na jirani yake atajibu ndiyo, na dodoso lako litarudi mjini limejaa ndiyo tupu. Kwa watu wengi neno "mazingira" ni usafi: kufagia uwanja, kufyeka nyasi, kuchoma takataka. Isitoshe, mtoto wa nyanda hizi hakosi kazi. Anachota maji, anabeba miche, anapalilia. Kipimo kinachohesabu kazi za mtoto bila kuangalia mzazi alikuwa wapi wakati huo kitaipa alama za juu ile kaya inayowatumikisha watoto kuliko zote. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, afisa maendeleo ya jamii au kikundi cha kijiji kinachotaka kutenganisha mambo hayo mawili.

Maswali: taja kitendo, liache neno "mazingira"

Andika vitendo vinavyoonekana kwa macho. Kwa Nyanda za Juu Kusini kumi vinatosha: kujaza udongo kwenye viriba na kusia mbegu, kupanda mche, kuupalilia na kuuzungushia ua mbuzi wasiufikie, kufyeka barabara ya moto (ukanda mtupu wa kuzuia moto) kuzunguka shamba la miti, kuchimba au kukarabati makinga maji, kutengeneza mboji, kutenga taka zinazooza na plastiki, kutunza chemchemi, kukinga maji ya mvua, kubana matumizi ya kuni kwa jiko banifu. Ongeza viwili vya kinyume, kuchoma plastiki na kuchoma majani makavu shambani, ila alama zake usizichanganye na hizo kumi. Mtoto anayefagia majani kila Jumamosi kisha akayatia kiberiti pamoja na mifuko na chupa "anashiriki" kweli, na hicho ndicho usichotaka kukihesabu kama mafanikio.

Kuna maswali mawili yanayofunga midomo. La kwanza ni moto: hakuna atakayekiri kwamba moto ulioruka bondeni ulianzia kwake. La pili ni vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na vinyungu vingi vya Iringa na Njombe vipo humo humo. Ukianza mazungumzo kwa kuuliza nani analima bondeni, utaonekana mtu wa ofisi ya bonde la maji, inayosimamia mito, aliyekuja kuhesabu wakosaji. Maswali hayo yaweke mwisho, uyaulize kwa ujumla ("watu wa huku huwa wanafanyaje…"), au uyaache kabisa.

Suala la aina ya mti nalo lina mtego wake. Baba akipanda milingoti mabondeni pamoja na binti yake, ameshirikisha vizuri kabisa, ingawa miti hiyo inakunywa maji mengi. Kipimo hiki ni cha ushirikishwaji. Aina ya mti iandike kwenye safu ya pembeni, usimkate mzazi alama kwa ajili yake.

Alama: ngazi ya 0 hadi 3

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Roger Hart alichora mwaka 1992, kwa ajili ya UNICEF, ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vipandio vinane, vya chini kabisa vikiwa ni vile ambavyo mtoto anatumiwa kama pambo tu. Vinane ni vingi mno kwa mdodosaji aliyesimama uani kwa mtu. Vinne vinabebeka kichwani:

0 – mtoto hakuhusika.
1 – alitumwa: aliifanya kazi peke yake au na watoto wenzake kwa amri.
2 – aliifanya pamoja na mzazi, bega kwa bega.
3 – aliifanya pamoja na mzazi, na ama alielezwa sababu, ama aliachiwa uamuzi wa maana (mti upi, upandwe wapi, nani autunze).

Ugomvi wa wadodosaji huwa kati ya 2 na 3, na jibu la mzazi peke yake halimalizi ugomvi huo. Mzazi atasema, "Huwa namweleza." Nenda kwa mtoto, uliza, "Kwa nini mnafyeka pale pembeni mwa miti?" Akijibu, "Ili moto ukija usiruke," muulize tena, "Nani alikwambia?" Akisema mwalimu, alama inabaki 2, maana hayo ni mafanikio ya shule. Akisema "babu", na babu ndiye mlezi wake, mpe 3. Akisema "sijui, niliambiwa nifyeke tu", ni 2 hata kama mzazi ameapa. Jibu la mtoto liandike kwa maneno yake mwenyewe. Ukilifupisha palepale, jioni hutakumbuka kwa nini ulitoa 3.

Achana na mizani ya "nakubali sana, nakubali, sina uhakika…". Mgeni akija na karatasi, adabu ya huku inamtaka mwenyeji akubali, basi atakubali kila kitu. Uliza mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kwa watoto wadogo weka punje 10 za mahindi: "Hizi ni siku mlizotengeneza mboji. Nitengee siku ulizokuwa na mama." Mtoto wa miaka 8 anaelewa hilo bila shida.

Majira yanaweza kuharibu kila kitu

Mvua huku huanza Novemba hadi Desemba na kukoma Aprili au Mei. Miche hupandwa zaidi Desemba hadi Februari. Kiangazi ndicho cha moto, vitalu na vinyungu. Ukiuliza mwezi wa saba "siku saba zilizopita mlipanda miti?", kijiji kizima kitapata sifuri. Kazi za kila siku, kama taka, kuni na mboji, ziulize kwa siku 7. Kazi za msimu zifungie kwenye alama za wakati ambazo watu wanazishika: "tangu Krismasi mpaka Pasaka", "tangu shule zilipofungwa mwezi wa sita". Ukisema "miezi sita iliyopita", kila mtu atahesabu ya kwake. Wenye uwezo wa kwenda mara mbili waende Agosti au Septemba, kisha Februari, wakijua kwamba Februari barabara za Makete, Kilolo na Ludewa zinateleza na watu wako mashambani mchana kutwa.

Kuchagua kaya

Vibali hufuata njia inayojulikana: barua ya chuo au taasisi, ofisi ya mkoa, wilaya na halmashauri, mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Anza mapema.

Chukua orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa kila kitongoji na ubakize zenye mtoto wa miaka 8 hadi 13. Tuseme zimebaki 190. Kwa kanuni ya Yamane, ya kukadiria ukubwa wa sampuli, na kosa la asilimia 10, unahitaji 190 ÷ (1 + 190 × 0.01), yaani kaya 66. Ukiruka kila ya tatu utapata 63. Tatu zinazopungua zichague kwa kura. Usimwachie mwenyekiti akuchagulie. Kwa nia njema kabisa atakupeleka kwenye kaya za mfano, zenye jiko banifu na parachichi zilizopangwa kwa kamba. Kaya yenye mlango uliofungwa irudie mara tatu, kwa saa tofauti, kabla ya kuibadilisha. Ukiiacha upesi utabakiwa na wanaoshinda nyumbani tu. Saa 10 jioni ni muda mzuri. Siku ya gulio na Jumapili asubuhi usipoteze nauli.

Kukiwa na watoto wawili au zaidi, piga kura. Mama ataelekea kukupa yule mchangamfu. "Mzazi" katika dodoso ni yule anayekaa na mtoto siku nyingi za wiki, na mara nyingi huku ni bibi. Ukihoji akina baba peke yao utaona miti na kukosa mboji na kuni. Pale baba na mama wote wapo, wahoji wote wawili na kwa kila kitendo chukua alama ya juu zaidi.

Siku ya mahojiano

Salamu kwanza, na isiwe ya mbio. "Kamwene" ya Iringa na Njombe, ikifuatwa na shikamoo kwa mkubwa wako, inafungua mlango kuliko kitambulisho. Eleza umetoka wapi, na useme waziwazi kwamba hakuna mradi wala miche ya bure inayofuata; tumaini la msaada hupandisha majibu kuliko kitu kingine chochote. Pata ridhaa ya mzazi, kisha muulize mtoto naye kama anakubali. Jina lisiandikwe kwenye dodoso, weka namba ya kaya. Taarifa hizi zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mzazi dakika 25, mtoto 12, kila mmoja peke yake na kwa wakati mmoja kama mko wadodosaji wawili. Mtoto akae mahali ambapo mzazi anamwona lakini hamsikii, mfano chini ya mti ukingoni mwa uwanja. Wakikaa pamoja, mtoto atatazama uso wa mama kabla ya kila jibu.

Mkimaliza, mwambie mtoto, "Nioneshe." Aongoze yeye: mti, shimo la mboji, chombo cha taka. Mche una kijiti na ua? Udongo wake umepaliliwa? Kwenye mboji kuna maganda mapya au imeota majani? Mtoto anayezunguka nyumba akitafuta "mti wake" amekujibu tayari. Dodoso likiwa la karatasi, tumia penseli; ukungu wa Njombe huufanya wino wa peni kukwama au kusambaa.

Kukokotoa

Kaya isiyo na shamba la miti haiwezi kufyeka barabara ya moto. Nyumba ya kupanga mjini, Mwanjelwa ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, haina mteremko wa makinga maji. Hapo andika 99, "haihusiki", wala usiandike 0, na hakikisha kompyuta haijumlishi hiyo 99. Alama ya kaya ni jumla ya alama, gawa kwa (3 × idadi ya vitendo vinavyohusika), zidisha kwa 100. Kaya yenye vitendo 7 na jumla ya 9 inapata 9 ÷ 21, yaani asilimia 43. Ukiigawa kwa vitendo vyote 10 itashuka hadi 30, na utakuwa umewaadhibu watu wa mjini kwa kukosa shamba.

Msimamizi wako anaweza kudai alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, ifike 0.7. Mweleze kwamba orodha hii ni ya vitendo tofauti ambavyo havilazimiki kwenda pamoja: anayetenga taka si lazima awe na chemchemi. Cha maana zaidi ni mzazi na mtoto kukubaliana. Tuchukue mfano wa kaya 40 na swali la kutenga taka pamoja: wote ndiyo 14, wote hapana 16, mzazi ndiyo na mtoto hapana 8, mtoto ndiyo na mzazi hapana 2. Makubaliano ni 30 kati ya 40, asilimia 75, inapendeza. Lakini kwa bahati tu yangefika asilimia 49 (0.55 × 0.40 + 0.45 × 0.60). Kapa ya Cohen, yaani makubaliano baada ya kuondoa ya bahati, basi ni (0.75 − 0.49) ÷ 0.51, karibu 0.51, ya wastani. Angalia pia upande wa tofauti: wazazi 8 dhidi ya watoto 2. Wazazi wanajiongezea.

Kabla ya haya yote jaribu dodoso kwenye kaya 15 za kijiji kingine, wadodosaji wawili wakitoa alama kwa mtoto yuleyule bila kuoneana. Wakitofautiana zaidi ya mara moja katika tano, tatizo liko kwenye maelezo ya ngazi ya 2 na ya 3; yaandikeni upya na mrudie.

Matokeo yarudishwe kwenye mkutano wa kijiji Oktoba au mapema Novemba, kabla miche haijatoka vitaluni. Soma wastani wa kila kitongoji na vitendo vilivyoongoza na vilivyobaki nyuma. Alama ya kaya moja moja usiisome, hata mwenyewe akisimama kuiomba, mpe faraghani.