Jinsi ya kupiga hesabu ya mionzi ya safari ya Mars

Wadogo zangu mnaosoma fizikia hapa Mtwara na Lindi, chukueni daftari na kalkuleta tufanye hii hesabu wenyewe, namba zipo na zimepimwa kweli.

Anza na kipimo. Mtaalamu wa eksirei hospitali anavaa beji kifuani, nyingi ndani zina kristali ya lithiamu floraidi inayotunza mionzi iliyopita, ukiipasha moto inatoa mwanga na mwanga ukizidi ujue kapata mingi. Wanaanga nao wanavaa za namna hiyo ila zinakupa jumla tu tena baadae, ndo maana chomboni lazima kuwe na mashine inayosoma papo hapo.

Mashine ya hivyo, inaitwa RAD, ilienda na Curiosity, gari la NASA (shirika la anga la Marekani) la kuchunguza Mars, kuanzia 2011, njiani ikasoma kama miligrei 0.48 kwa siku. Sasa hapa ndo wengi wanakwama. Miligrei inasema nishati kiasi gani imeingia mwilini, haisemi ni mionzi gani. Ni kama korosho pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mzani unakupa kilo lakini bei inataka na daraja. Kiini cha atomu ya chuma kinachokuja kwa kasi kutoka nje ya mfumo wa jua kinaumiza seli kuliko eksirei ya nishati ileile, kwahiyo unazidisha na namba ya ukali, safari ile ilikuwa kama 3.8, unapata milisiverti 1.8 kwa siku, hiyo ndo inapima madhara kwa mwili.

Siku 180 kwenda na 180 kurudi inakuja milisiverti 648. Kwenye ardhi ya Mars RAD ilisoma kama milisiverti 0.64 kwa siku, ukikaa siku 500 ongeza 320, jumla 968. Kikomo cha NASA ni 600 kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga! Sisi huku duniani wastani wa mionzi ya asili ni kama 2.4 kwa mwaka mzima.

Na hapo hujaweka dhoruba ya jua, yaani jua likilipuka na kurusha mionzi mingi kwa mpigo. Agosti 1972 ilipiga kubwa sana, safari ya watu mwezini ya Apollo 16 imesharudi na ya 17 haijaondoka. Kwahiyo weka vipimo kila chumba maana kuta hazilingani unene, kengele ikilia watu wajibane panaposoma chini kabisa wajizungushie mifuko ya maji na chakula. Usikimbilie kurundika chuma, mionzi ikiigonga inazaa nyutroni na vipande vingine, kinachosaidia zaidi ni vitu vyenye haidrojeni nyingi kama maji na plastiki. Halafu andika dozi ya kila mtu peke yake, aliyekuwa nje anatengeneza kitu kala nyingi kuliko wenzake na yake inakatwa kwenye 600 yake.